Mgeni na Mwenyeji: Vitabu vya Safari Vinavyofaa Kusomwa katika Bonde la Lambwe

Utangulizi

Maandishi ya safari yana umri mrefu katika nathari ya Kiswahili kuliko riwaya. Kabla Shaaban Robert hajachapisha Kusadikika mwaka 1951, Waswahili walikwisha kuandika habari za njia za bara, za Ziwa Nyasa, za Kongo, na hata za Urusi na Siberia. Pamoja na hayo, wahakiki wetu hawajayapa maandishi hayo nafasi inayostahili. Wengi wameyaachia wanahistoria wayatafutie tarehe, au walimu wa shule wayagawe kwa watoto kama masimulizi ya kusisimua. Swali la mhakiki, yaani kitabu hiki kina thamani gani kwa msomaji wake, na thamani hiyo hupimwaje, limeulizwa mara chache.

Makala haya yanajaribu kuliuliza swali hilo. Ili hoja isielee hewani, nimemchagua msomaji wa mahali pamoja: kijana wa sekondari katika Bonde la Lambwe, kusini mwa Ghuba ya Winam, ambako Kaunti ya Homa Bay inaelekea kupakana na ile ya Migori. Si kwamba kijana huyo ana akili tofauti na ya kijana wa Tanga au wa Lamu. Nimemchagua kwa sababu mahali anapoishi panaweka wazi jambo ambalo kwingine laweza kufichika, nalo ni kwamba kitabu cha safari huwa na watu wa pande mbili, anayepita na anayepitiwa, na kwa kawaida mmoja tu ndiye mwenye kalamu.

Lambwe na habari za safari

Bonde la Lambwe liko kati ya miinuko ya Kanyamwa na milima ya Gwassi. Wakazi wake ni Wajaluo na Wasuba, na wote ni wazao wa wasafiri. Mapokeo ya Wajaluo yaeleza mwendo wa vizazi vingi kutoka kaskazini, upande wa Mto Naili, na B. A. Ogot aliyatafiti katika kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini kilichotoka mwaka 1967. Mapokeo ya Wasuba nayo yasema kuwa mababu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga, wakashukia Mfangano, Rusinga na bara ya Gwassi. Hivi leo wengi wao husema Dholuo.

Lakini bonde hili lina historia nyingine. Mbung'o walikaa katika vichaka vyake, na ugonjwa wa malale uliwaua watu na mifugo, ukawafukuza wengine. Mlipuko mkubwa ulitokea tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, ambamo anaishi yule swala mkubwa aitwaye korongo, asiyepatikana porini mahali pengine popote nchini Kenya. Mgeni apitaye hapo leo huona nyasi, migunga na wanyama. Akiwa hakuambiwa, ataandika kwamba amefika katika nchi isiyo na watu.

Hapo ndipo uzito wa suala letu ulipo. Nchi iliyohamwa si nchi isiyo na wenyewe. Vitabu vingi vya safari vilivyoandikwa juu ya Afrika vimelichanganya jambo hili, na kuchanganya huko hakukuishia vitabuni. Henry Morton Stanley alipita kwa mashua katika ufukwe wa mashariki wa ziwa mwaka 1875, na kitabu alichokitoa mwaka 1878 akakipa jina la kuita bara zima kuwa la giza. Giza hilo lilikuwa machoni mwa mpitaji. Wenyeji waliokuwa wakivua samaki siku ile walijua walipo. Hata hivyo, katika maamuzi ya ardhi na ya mipaka yaliyofuata, maneno ya mpitaji yaliaminiwa kuliko yao.

Kipimo chetu

Kipimo cha vitabu hivi hatuna haja ya kukiazima mbali. Karibu na Kendu Bay, si mwendo mrefu kutoka Lambwe, kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee mgeni alifika usiku, watu wakiwa katika karamu, akaomba kusitiriwa, wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu aliyempokea. Usiku ule maji yakakifunika kijiji, akasalimika yule aliyemkaribisha mgeni na watu wake. Waswahili wa pwani nao wana methali yao, mgeni njoo mwenyeji apone. Hadithi na methali hiyo, moja ya ziwani na nyingine ya pwani, zakubaliana: kufika kwa mgeni ni mtihani wa wote wawili, na kila mmoja ana deni kwa mwenziwe.

Kutokana na msingi huo napendekeza maswali matatu ya kukiuliza kila kitabu cha safari. Kwanza, je, mwenyeji anasema, au anasemewa tu? Pili, ni nani aliyebeba mizigo, na je, ana jina? Tatu, msafiri alirudi kwao na nini kiwezacho kuwafaa watu wake? Kitabu kisicho na jibu jema kwa hata swali moja chaweza kusisimua, lakini hakiwezi kuitwa kitabu kikubwa.

Vitabu vya tafsiri

Katika miaka ya 1920 na 1930 vitabu kadhaa vya Kiingereza vya safari na ushujaa vilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alishiriki sana katika kazi hiyo. Vizazi vya wanafunzi vilisoma Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Lugha yake ni safi, sentensi zake fupi, na matukio yanafuatana bila kumchosha msomaji. Sifa hizo hatuna budi kuzikubali.

Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotungwa na Rider Haggard mwaka 1885, ndicho kielelezo kinachotufaa zaidi. Waingereza watatu wavuka jangwa kumtafuta ndugu aliyepotea, na pia almasi. Wafikapo kwa Wakukuana wanajitia kuwa wametoka kwenye nyota, na kwa kuwa wamejua mapema siku ya kupatwa, wanaitumia elimu hiyo kuwatisha wenyeji. Msomaji anategemewa acheke pamoja na wageni. Kijana wa Lambwe akicheka, hana budi ajiulize anamcheka nani, maana wanaodanganywa ndio wanaofanana na babu yake.

Hata hivyo kitabu hiki kina jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Mtumishi aitwaye Umbopa, aliyejiunga na msafara kwa kazi ya kawaida, adhihirika kuwa ni Ignosi, mfalme halali wa nchi ile. Kumbe aliyefuata nyuma ndiye mwenye nyumba! Na mwisho wa kisa Ignosi atangaza kwamba wafanyabiashara wenye bunduki na pombe hawataingia tena katika nchi yake. Haggard aliisikia sauti ya mwenyeji, akaipa kurasa chache, kisha akairudisha kalamu kwa Quatermain. Mwalimu hodari atakisoma kitabu hiki kuanzia hapo mwisho, awaulize wanafunzi wake kisa kingekuwaje kama msimulizi angekuwa Ignosi tangu sura ya kwanza. Kikisomwa hivyo, kinafaa. Kikisomwa kama kilivyosomeshwa zamani, kinamfundisha mtoto kuwa mgeni katika nchi yake.

Maandishi ya Waswahili wenyewe

Huenda msomaji akadhani kwamba msafiri akiwa Mwafrika, au Mswahili, tatizo limekwisha. Sivyo. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapwa kwanza Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha yakatolewa tena na W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959, ni mojawapo ya kazi zenye nguvu kabisa katika nathari yetu. Msimulizi hapambi. Anataja pembe, bei, madeni, vita na mapatano kwa sauti moja ya mfanyabiashara anayefunga hesabu zake. Hadithi yake ya Utetera ni ya ajabu: alipopata habari kwamba ndugu wa kike wa chifu Kasongo Rushie walichukuliwa mateka zamani, alijifanya mjukuu wa mmoja wao, akapokewa kama mtu wa ukoo, na mwisho akatawala.

Tazama mambo yalivyogeuka. Katika Simbi Nyaima wenyeji wanaadhibiwa kwa kumkataa mgeni. Huko Utetera wenyeji walimkubali mgeni, na ukarimu wao ndio uliowapoteza. Tippu Tip hajutii, wala hajifichi, na ukweli huo ndio unaokipa kitabu thamani. Lakini ukiuliza swali la pili, la mizigo, kimya kinatanda. Maelfu ya wapagazi na mateka waliopita katika njia zake hawana majina. Kitabu hiki kinastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa sekondari, mradi asomaye asisahau kuhesabu wasiotajwa.

Anayetaka kuisikia sauti ya waliobebeshwa na kufungwa hana budi asogee kwenye Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Hii nayo ni safari: kutekwa bara, kutembezwa hadi pwani, kupakiwa jahazini, kukamatwa kwa jahazi na manowari ya Kiingereza, na kupelekwa Freretown karibu na Mombasa. Wahakiki wamekilaumu kitabu hiki kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki. Lakini isitufanye tuache kuona kwamba hapa ndipo msafiri asiyependa safari anapopewa nafasi ya katikati. Kikiwekwa kando ya Maisha ya Tippu Tip, kila kimoja kinakamilisha pengo la mwenzake, na mwalimu anayevifundisha pamoja atapata somo ambalo kimoja peke yake hakiwezi kutoa.

Kuna mkusanyo wa tatu, nao ni Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901. Asili yake si huru: Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin, na maandishi yalikusanywa wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa faida ya waliokuwa wakijifunza lugha ili waje kutawala. Hata hivyo waandishi wake walijua walichokuwa wakifanya. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua, nchi zilizo jirani na Bagamoyo. Funzo lake kwa kijana wa Lambwe ni kwamba si lazima mtu aende mbali ili apate cha kuandika. Aweza kuvuka mlima mmoja, kutoka Kanyamwa hadi Gwassi, akakuta desturi zinazohitaji maelezo.

Kinyume chake ni Selim bin Abakari, Mngazija, aliyemfuata bwana wake Mjerumani, Dakta Bumiller, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Yeye alikuwa mtumishi, na katika kitabu cha bwana wake angekuwa mtu wa kutajwa mara moja kisha akasahauliwa. Lakini mwenye kalamu hapa ni yeye. Anaitazama Ulaya na Siberia kama Wazungu walivyozoea kuitazama Afrika: chakula chao, mavazi yao, baridi yao, namna wanavyoishi na kusafiri. Papo hapo yeye naye anatazamwa na watu wasiozoea kuona mtu mweusi. Kutazamana huku ndiko kunakokosekana katika vitabu vingi vya safari. Kwa swali letu la pili, la mbeba mizigo na jina lake, sijui kitabu kingine cha wakati ule katika lugha yetu kinachojibu vizuri kama hiki.

Kusadikika kama kitabu cha safari

Kusadikika cha Shaaban Robert husomwa kwa kawaida kama fumbo la utawala wa kikoloni na udhalimu wa sheria, na usomaji huo ni sahihi. Lakini tukitazama fani yake tutaona kwamba kitabu kimejengwa juu ya safari sita. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini. Kila mmoja alipambana na hatari, akaona mambo mema katika nchi za watu, akarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi yake. Na kila mmoja, badala ya kushukuriwa, alitiwa gerezani.

Waandishi wengi wa safari humaliza kisa msafiri anapofika nyumbani salama. Shaaban Robert anaanzia pale pale wenzake wanapomalizia. Hatari kubwa ya safari, kwake, haiko jangwani wala baharini. Iko mlangoni pa nyumbani, kwa wale wasiotaka kusikia kilichoonekana. Kusadikika ni kijiji cha Simbi kilichokataa habari baada ya kukataa mgeni, ila hapa mwandishi anawapa watu nafasi ya kuokoka: Karama anasikilizwa, anaachiliwa, na wajumbe wanafunguliwa. Kwa swali letu la tatu, msafiri alirudi na nini, hakuna kitabu cha Kiswahili kilicholijibu kwa uzito kama hiki.

Udhaifu wake nao usifichwe. Nchi walizozitembelea wajumbe ni za kufikirika, na wenyeji wake wamekuwa mifano ya maadili zaidi kuliko watu. Hawana njaa wala vicheko. Msomaji anajifunza kutokana nao lakini haishi nao.

Kuvuka ziwa

Kitabu kinachoikaribia nchi ya msomaji wetu zaidi kimeandikwa kwa Kiingereza. Ni The Promised Land cha Grace Ogot, kilichotolewa Nairobi mwaka 1966. Ochola, kijana wa Seme, asikia habari za ardhi tele Tanganyika, amchukua mkewe Nyapol, na kuvuka Nam Lolwe. Wanalima, wanapata mali, na ndipo jirani yao, mzee mganga, anapomwonea wivu Ochola na kumroga. Ugonjwa wa ngozi unamwandama, hospitali inashindwa, anaponywa na mganga mwingine kwa sharti kwamba aiache nchi hiyo.

Hapa msafiri si Mzungu wala si mfanyabiashara wa pembe. Ni mkulima, kama mababu wa watu wa Lambwe walivyokuwa wakulima na wafugaji waliotafuta pa kukaa. Hata hivyo kosa la zamani limemfuata: Ochola aliiona nchi ya wengine kuwa nafasi iliyomngoja yeye. Nyapol, ambaye hakutaka kuondoka, aliona mbele zaidi. Kwa desturi ya Wajaluo mwanamke huiacha nyumba ya wazazi wake akaanza maisha kwa watu asiowajua; Nyapol alijua ugeni kabla ya kuvuka ziwa, na kwa hiyo aliuogopa kwa haki. Katika kurasa zote tulizozitaja, ni yeye anayekaribia kuwa mhakiki wa safari kutoka ndani ya safari yenyewe. Pungufu la riwaya ni kwamba yule mzee jirani, ambaye ndiye mwenyeji, ameachwa kuwa mchawi tu. Kwa nini ardhi yake ilimuuma? Mwandishi hatuambii. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwasimulia wanafunzi kisa hiki, kisha akawapa kazi ya kuandika utetezi wa mzee huyo.

Hitimisho

Katika vitabu tulivyovipima, hakuna kilichojibu maswali yote matatu. Selim bin Abakari amempa mtumishi jina na macho. Mbotela amewapa mateka njia yao. Tippu Tip ametuonyesha hila ya mgeni bila kuipaka rangi. Shaaban Robert ametukumbusha deni la nyumbani kwa anayerudi. Grace Ogot amemweka mwanamke njiani na kumpa shaka yake. Haggard, bila kukusudia sana, ametuachia Ignosi. Rafu ya maktaba ya shule katika Bonde la Lambwe ingefanya vema kuwa navyo vyote, vikisomwa kwa kugombanishwa, si kwa kusifiwa kimoja kimoja.

Kiswahili chenyewe ni mgeni Lambwe. Kilifika kwa njia za biashara, misheni, utawala na shule, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukakifanya somo la lazima. Mtoto wa hapo anakijua Dholuo kwanza. Ikiwa mgeni huyu atakuwa wa kumponya mwenyeji, hana budi asikilize pia. Paul Mboya aliandika desturi za Wajaluo kwa Dholuo mwaka 1938. Mapokeo ya Wasuba juu ya mitumbwi yao yalitafitiwa na H. Okello Ayot katika kitabu cha mwaka 1979 kwa Kiingereza. Tunahitaji kwa Kiswahili kitabu cha safari kitakachoandikwa na mwenyeji: kitakachosimulia kuvuka ziwa, kuhamwa kwa bonde kwa sababu ya malale, na kurudi kwa watu, pamoja na majina ya mito na vilima kama wanavyovijua waliokaa hapo. Idara zetu za lugha zina wanafunzi waliotoka katika vijiji hivyo. Kazi ya kwanza ya uandishi wa safari wanayoweza kupewa ni kwenda likizo kwao, kuwauliza wazee walitoka wapi, na kurudi na jibu lililoandikwa.